Uzito wa Miguu ya Mwingine

Kilo sabini na nne na nusu.

Gwantwa aliisoma namba ile amesimama, akaisoma tena amechuchumaa, kana kwamba namba hubadilika mtu akishuka chini. Kisha akainua macho kutoka kwenye kishikwambi akamtazama mwenye namba. Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni anamenya ndizi, na kila kisu kilipozunguka, bangili yake ya shaba iliteleza hadi karibu na kiwiko, ikarudi. Mwezi wa nne wa mimba bangili hiyohiyo ilikuwa haitoki mkononi hata kwa sabuni.

"Mbona unaniangalia kama mnunuzi wa mbuzi?" Tusekile akauliza.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai na chai, dada. Sina hamu. Si nilikwambia mimba hii haipendi chakula? Mama anasema huyu ni wa kike, ameanza kuogopa unene angali tumboni."

Siku nyingine Gwantwa angecheka. Wameolewa nyumba moja, yeye kwa kaka mtu na Tusekile kwa mdogo mtu, na miaka miwili sasa walikuwa wakichekeana maneno ya ovyo kuliko haya. Lakini chini ya ile namba palikuwa na mstari mwekundu, na ndani ya mstari maneno: *Amezidi njia ya uzito. Bano la tatu: leo, saa 8:00 mchana.*

Saa ilikuwa nne na robo asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

"Nyoosha mkono," Gwantwa akasema.

"Una nini wewe leo?"

"Nyoosha tu."

Akaubonyeza mkono wa kushoto wa mwenzake, upande wa ndani, mahali ilipokaa mbegu. Ilikuwepo, ndogo kama punje ya ulezi chini ya ngozi, ina joto kidogo kuliko mwili. Joto lile Gwantwa, mpimaji wa wajawazito wa kata, alilijua. Mbegu ikiwa na joto, iko kazini.

Kila mwanamke wa kata ile aliyeshika mimba aliwekewa mbegu. Ndiyo iliyokuwa bawabu wa kondo. Ilisikiliza amri ya Mlezi, ile akili kubwa iliyokaa wilayani na kuwatazama wajawazito wote wa milima ile kwa wakati mmoja, kisha ikapima kiasi cha chakula kinachotoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mama akikonda, mbegu ilifungua. Mama akizidi, mbegu ilibana, maana wazee walikumbuka vizuri miaka ya sukari, watoto wanazaliwa wakubwa kama maboga, wanapasua mama zao, na wenyewe wanaanza kuchomwa sindano kabla ya kujua kusoma. Bano la kwanza humwondolea mama hamu. La pili humpunguzia mtoto. La tatu, la kubana kabisa, Gwantwa alikuwa ameliona mara mbili tu, kwa wanawake wanene waliokuwa na sukari tangu usichana, na kusema kweli liliwafaa. Watoto wao walikuwa wakikimbiza kuku kijijini mpaka leo.

Lakini wale walikuwa wanene. Huyu hapa shingo yake ilikuwa na mashimo mawili ya kutosha kuwekea chumvi.

"Vaa kanga," Gwantwa akasema. "Twende kwenye banda la chai."

"Na ndizi zangu?"

"Ndizi hazina saa."

* * *

Banda la kupimia chai lilikuwa tupu. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda msibani ng'ambo ya mto. Siku ya msiba hubaki mgonjwa, mjamzito na mwenye kazi ya serikali, na nyumbani kwao walibaki hao hao watatu. Mizani ya kizamani ya saa, yenye ndoano, ilikuwa bado inaning'inia kwenye mwamba wa paa, ile wanayotundikia vikapu vya majani mabichi. Gwantwa akafunga kanga mbili fundo la nguvu, akazitundika.

"Unanipima kama majani?" Tusekile akashika kiuno. "Mbegu yenu ina kazi gani basi?"

"Panda."

"Nikianguka na mtoto wako huyu?"

"Nimekushika. Panda, Tuse."

Akapanda, akakaa kwenye kanga kama mtu wa pembea, miguu ikaachia ardhi. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia.

Kilo arobaini na tisa.

Gwantwa alimshusha taratibu, akamlaza juu ya magunia, akaweka vidole tumboni kwa namna aliyofundishwa na mkunga wa zamani kabla ya Mlezi. Wiki ya thelathini. Mtoto alitakiwa awe amepanda vidole vitatu, hata vinne, juu ya kitovu. Gwantwa akahesabu kimoja. Akatoa mkono, akaurudisha, akahesabu tena. Kimoja.

Hapo ndipo akafungua kwenye kishikwambi ukurasa ambao wapimaji hawaufungui kila siku, ule unaochora njia ya miguu. Ndala za kliniki, zile za kijani zenye soli laini, zilipima kila hatua na kupeleka habari wilayani. Wajawazito hawakuambiwa. Waliambiwa ni zawadi ya serikali, za kuzuia kuteleza. Wapimaji walikuwa wamekula kiapo cha kutosema, kwa sababu mwanamke akijua anapimwa anajifunza kudanganya, na wakati wa mizani za mezani kila mtu alidanganya, hata wapimaji wenyewe walikuwa wakipika namba. Gwantwa aliposema "vaa hizi kila siku, zina faida," alikuwa amemaliza yote aliyoruhusiwa kusema.

Njia ikajichora. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, ndala zilitoka mlangoni pa nyumba kubwa ya wakwe zikaenda zizini. Zikakaa huko. Zikarudi. Mchana zilizunguka migomba ya juu. Jioni zikarudi zizini tena. Wiki saba, njia ileile.

Tusekile hajawahi kuingia zizini tangu aolewe. Gwantwa naye hajawahi. Pale nyumbani mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda kwa ng'ombe alikuwa mmoja tu, na Gwantwa hata kichwani mwake alimpita mtu yule kwa pembeni, kama anavyompita njiani.

"Ndala zako ziko wapi?" akauliza.

Tusekile akainuka akakaa. Akaanza kufungua fundo la kanga ambalo halikuhitaji kufunguliwa.

"Tuse."

"Ziko nyumbani."

"Nyumbani kwako?"

"Dada, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Siku ile ya mnada," Tusekile akasema, akiyaambia magunia. "Nilikuwa nyumba kubwa namsaidia Mama kukoroga ubwabwa. Nimeziacha mlangoni pa mbele. Mara nasikia kikohozi getini. Amerudi mapema. Ningefanyaje? Nikatoka mlango wa nyuma, peku. Kesho yake nikaziona zinapita."

"Zinapita miguuni mwake."

"Nyamaza!"

Hakuna aliyehitaji kumweleza Gwantwa zaidi. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso wala hawatajani majina. Akija huku, mwanamke anapita kule. Hasemi naye, hatamki jina lake, hakai alipokaa, wala hagusi kilichogusa ngozi yake. Miji ya chini walikuwa wameacha, lakini milimani mwiko huu ulikuwa umerudi na nguvu mpya baada ya miaka ya sukari, watu wakisema maradhi yale yalikuja kwa kuacha heshima. Mwanamke angemwambia nani kwamba baba mkwe wake anatembea ndani ya viatu vyake? Ni afadhali aseme yuko uchi.

"Mzee ana kidole kimevimba," Tusekile akaongeza kwa sauti ndogo. "Zile ni laini. Nikasema, basi, acha zimsaidie. Ni ndala tu, dada. Si ni ndala tu?"

Gwantwa akakaa chini kwenye vumbi la chai.

"Si ndala tu," akasema. Akamwambia yote.

Tusekile alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akauliza jambo moja.

"Ulijua, ukaninyamazia?"

"Nilijua ndala zinapima. Sikujua ziko miguuni mwa nani."

"Mimi nikajiona mgonjwa. Nikajiona nina mimba mbaya. Wiki saba naweka chakula mdomoni kinakuwa udongo. Na wewe unakuja kila Jumatatu, unanitania."



* * *

Saa tano na dakika ishirini alimpata Sista Ambwene, mkubwa wa wapimaji, huko wilayani. Uso wake ukatokea kwenye kioo, umechoka, nyuma yake ukuta mweupe.

"Mlezi hawezi kukosea kilo ishirini na tano," Sista akasema.

"Amekosea, Sista. Nimempima kwenye mizani ya chai."

"Mizani ya chai!"

"Mshale hauna mjomba wilayani, Sista. Arobaini na tisa."

Sista akavuta pumzi. Akageuka kutazama kitu pembeni, akarudi. "Unajua kwa nini hakushtuka? Alifundishwa kwamba mwanamke wa huko hatembei na uzito wake peke yake. Ana ndoo, ana kuni, ana mkungu wa ndizi. Namba ikiruka, haiamini, anaivuta polepole, siku baada ya siku. Amemvuta huyo kama anavyovuta wengine. Kwenye karatasi ni mama anayenenepa vizuri kabisa."

"Basi nivae mimi hizo ndala. Mimi nina hamsini na moja."

"Atakushusha polepole vilevile. Itachukua mwezi. Bano ni saa nane leo."

"Ukimzuia wewe?"

"Mimi nazuia mvua? Zamani tulikuwa na uwezo huo, wakubwa wakawa wanapiga simu kuombea wake zao. Ukaondolewa."

"Tuitoe mbegu," Tusekile akasema kutoka nyuma. Alikuwa amesogea bila kusikika. "Kwa wembe. Iko juu juu, naigusa."

"Mama, usithubutu!" Sista akapaza sauti. "Ikitolewa imebana, mlango unabaki umebana. Unanielewa? Hakuna wa kuufungua tena."

Tusekile akaondoa kidole kwenye mbegu.

"Kuna njia moja," Sista akasema. "Ushahidi wa miguu. Yule aliyevaa asimame ndani ya ndala mbele ya kishikwambi, ataje jina lake na jina la mwenye ndala. Kwa mdomo wake mwenyewe. Mlezi akilinganisha uzito na mwendo, atamtoa kwenye njia ya huyo mama. Ni dakika tano. Nani kavaa, mumewe?"

Gwantwa akatazama chini.

"Nani, mpimaji?"

"Tutamleta," Gwantwa akasema, akakata.

Akapiga simu ya mama mkwe, awe mdomo wao kwa mzee. Ikaita bila kupokelewa; huwa anaiacha nyumba kubwa, ndani ya kabati la vyombo. Akapiga ya mumewe. Akapiga ya shemeji. Hizo mbili zimezimwa, ndivyo watu wa heshima wanavyofanya makaburini. Kwenda na kurudi ng'ambo ya mto ni mwendo wa saa nne kwa mtu mwenye mbio.

"Hapana," Tusekile akasema. Alikuwa ameshasoma uso wake.

"Sijasema kitu."

"Unataka kwenda kwake."

"Nani mwingine yupo?"

"Hapana, dada. Ile ya kwanza unaikumbuka? Nilikutana naye kwenye kona ya kisima. Akasema 'pole', akidhani ni binti wa jirani. Neno moja. Siku ya tatu mimba ikatoka."

"Ulikuwa na malaria. Nilikuwepo."

"Ulikuwa tumboni mwangu?"

Gwantwa akatazama saa kwenye kishikwambi.

"Mimba ni yangu," Tusekile akasema. Hakuwa analia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angelia. "Ulininyima kujua wiki saba, leo usininyime kukataa. Ukienda kwake, akatamka jina langu, na mtoto huyu akafa, damu iko kwako. Nakuambia mchana kweupe."

"Na bano likimuua?"

"Litakuwa limemuua bano."

* * *

Walirudi nyumbani. Saa sita na nusu Gwantwa alikuwa amekaa kizingitini kwake, kishikwambi mapajani, anatazama dakika zikibadilika. Mara mbili alisimama. Mara mbili akakaa.

Alifikiri hivi: mama ndiye mwenye tumbo, na neno lake ni neno. Halafu akafikiri: neno lake limetoka kwenye hofu. Halafu akafikiri: hofu ya nani haina haki? Mlezi naye aliwekwa kwa hofu ya sukari. Kiapo cha wapimaji kiliwekwa kwa hofu ya uongo. Kila mtu alikuwa amemfungia yule mtoto mlango mmoja kwa nia njema, na yeye Gwantwa alikuwa wa kwanza.

Saa saba na robo alijifunika kanga kichwani hadi puani akashika njia ya zizini.

Hakuwahi kuikanyaga njia ile. Alipofika kwenye migomba ya mwisho akasimama, akageuza mgongo ukaelekea zizi, akatazama tope. Nyuma yake alisikia jembe likikwangua kinyesi, na pumzi nzito za ng'ombe.

"Bibi Harusi," akaita. Ndilo jina la yule ng'ombe mwekundu, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya kifaranga. "Bibi Harusi, nina maneno na wewe."

Jembe likanyamaza.

"Zimepotea ndala za kijani, Bibi Harusi. Laini. Si ndala za kawaida, zinampima mjamzito na kupeleka habari wilayani. Na sasa zinapeleka habari za mtu mwingine."

Kisha sauti nzito ya mwanaume ikasema, polepole, "Bibi Harusi, tangu lini unapokea wageni? Mwambie aliyekuja kwamba hapa si mahali pake."

"Bibi Harusi, ningekuja kama kungekuwa na mdomo mwingine hapa nyumbani?"

"Ndala hizi, mwambie, alininunulia mke wangu. Kwa ajili ya kidole."

"Muulize, Bibi Harusi, kama mke wake alimwambia hivyo."

Ng'ombe akatafuna. Maji yakadondoka kwenye majani. Gwantwa akahesabu matone, maana hakuweza kuhesabu kitu kingine.

"Nilizikuta mlangoni," sauti ikasema mwishoni, na ukali ulikuwa umepungua. "Siku ya mnada. Nikadhani... Ni za yule mdogo?"

"Za yule mdogo."

"Na amekaa kimya siku zote hizi?"

"Angesemaje, Bibi Harusi? Kwa mdomo upi?"

Kitu kikaanguka, labda jembe. Gwantwa akaendelea haraka. "Mashine inaamini amenenepa. Imembania chakula mtoto. Leo saa nane itabana kabisa. Inataka miguu iliyovaa isimame mbele yake, na mdomo wa mwenye miguu utaje majina mawili. Lake na la yule mdogo."

"Jina lake."

"Jina lake, Bibi Harusi."

"Mimi ni mzee wa kanisa," sauti ikasema. Haikujulikana inamwambia nani. "Miaka miwili nimelala ua mmoja na mtoto yule, sijui hata uso wake ukoje. Hivyo ndivyo nilivyomheshimu. Na yeye anataka nilitamke?"

Hapa Gwantwa angeweza kudanganya. Neno moja la uongo lingemaliza safari.

"Hataki," akasema. "Amenikataza. Nimekuja juu ya kichwa changu."

Akasubiri mpaka akadhani mzee amekwenda zake kwa njia ya nyuma. Ndipo sauti ikasema, "Bibi Harusi, mwambie huyo mwenye kichwa aondoke njiani. Na mlango wa jiko ufungwe."

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi na moja. Gwantwa aliegemeza kishikwambi kwenye kigoda barazani, akakimbilia jikoni, akafunga mlango. Tusekile alikuwa ameketi sakafuni pembeni ya jiko, magoti yamekunjwa. Akamtazama Gwantwa, akaona tope la zizini kwenye miguu yake, akaelewa.

"Umekwenda."

"Nimekwenda."

Tusekile akauficha uso kwenye magoti.

Nje hatua zikasikika, moja nzito, moja ya kuchechemea. Gwantwa hakutakiwa kutazama. Lakini mlango ulikuwa wa mbao zilizoachana, na macho yake yalikuwa macho ya mpimaji. Aliona blanketi. Mzee alikuwa amejifunika kuanzia utosini hadi magotini, gubigubi, vile wanawake wa nyumba ile wanavyojifunika anapopita yeye. Chini ya blanketi zilitokeza ndala mbili za kijani, zimechafuka, kisigino kimelika upande.

"Karibu," sauti tamu ya Mlezi ikasema. "Simama wima. Naomba uondoe mzigo uliobeba."

"Si mzigo. Ni blanketi."

"Naomba uondoe blanketi."

"Sivui."

Mlezi akawaza kidogo. "Blanketi limekadiriwa kilo moja na gramu mia tatu. Tembea hatua kumi. Asante. Rudi. Asante. Taja jina lako."

Mzee akalitaja. Gwantwa akaziba masikio, lakini vidole haviwezi kuziba kila kitu, na jina lile likaingia. Na kwa kuwa liliingia kwa bahati mbaya, hata hapa halitatoka.

"Taja jina la mwenye ndala."

Blanketi halikutikisika.

"Sijasikia. Taja jina la mwenye ndala. Muda uliobaki, dakika tatu."

Jikoni Tusekile alikuwa amekamata mguu wa Gwantwa kwa mikono yote miwili. Kucha ziliingia kwenye nyama. Haikujulikana anamvuta akamzuie mzee, au anajishikilia tu.

"Dakika mbili."

"Tusekile," mzee akasema.

Alilisema kwa upole mno, kama mtu anayeweka yai juu ya meza iliyoinama. Sakafuni Tusekile akatoa mlio mfupi, wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Ushahidi wa miguu umepokelewa," Mlezi akasema. "Bano la tatu limefutwa. Mabano mengine yatalegezwa polepole, ndani ya siku kumi na nne. Athari zilizokwisha kutokea hazijulikani mpaka mtoto apigwe picha. Asante kwa uaminifu wako."

Ndala zikavuliwa. Zikaachwa pale pale barazani, sambamba, ncha zikitazama nje. Hatua za peku zikaondoka kwenye tope, moja nzito, moja ya kuchechemea, mpaka zikamezwa na migomba.

Gwantwa akachuchumaa. "Tuse. Limefutwa."

"Hachezi."

"Nini?"

"Mtoto." Mikono yote ilikuwa tumboni sasa. "Tangu alipotaja jina langu. Hachezi."

Gwantwa akaweka kiganja chake kando ya mikono ile. Ngozi ilikuwa ya moto, na chini yake palikuwa kimya. "Kabla ya hapo alicheza lini?"

Tusekile akafungua mdomo, akaufunga. "Jana," akasema. "Au juzi. Sijui, dada. Alikuwa anacheza kidogo kidogo tu, nikazoea."

Gwantwa akafungua mlango kwa mguu, akakivuta kishikwambi, akamwita Sista Ambwene. Sista hakuuliza mengi safari hii. Gari la wagonjwa litatoka sasa hivi, akasema, ni saa nzima kwa barabara ile ikiwa na tope. Mlaze ubavu wa kushoto, mpe uji wa sukari, muwe mnamsikiliza mtoto.

Akamlaza ubavu wa kushoto. Akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, na Tusekile akameza kama mtu anayemeza udongo, lakini akameza. Saa nane na kumi. Saa nane na ishirini. Kiganja cha Gwantwa hakikutoka tumboni.

"Akifa," Tusekile akasema, macho ukutani, "nitasema ni wewe."

"Sema."

"Akiishi nitasema ni mashine imekosea ikajirekebisha. Sitasema jina lako."

"Usiseme."

"Kesho utarudishwa kwenu, unajua. Kwa ajili ya njia ile uliyopita leo."

"Najua."

Gwantwa akajaribu kuinuka, aende barazani akasikilize kama gari limeshakata kona ya mto. Mkono ukamkamata. Mwembamba, bangili imeanguka mpaka kiwikoni, lakini ulikuwa na nguvu ambazo mizani yoyote isingezisoma.

"Unakwenda wapi? Umefanya jambo lako, sasa unataka kwenda kusimama nje?" Tusekile akasema. "Kaa hapa. Weka mkono ulipokuwa. Utajua ninapojua mimi."

Gwantwa akakaa. Akaweka mkono ulipokuwa.